Cheti cha pili cha masaji: kinalipa au kinafilisi?

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara wa Rufiji amezoea kuhesabu mali kwa magunia ya ufuta, kilo za korosho na matenga ya samaki. Ujuzi wa mikono hauingii mara kwa mara katika hesabu hizo. Hata hivyo masaji ni huduma inayouzwa kila msimu katika kambi za watalii kandokando ya mto Rufiji na katika hoteli za kisiwani Mafia. Kijana wa Mohoro mwenye cheti cha kazi hiyo anaweza kuyafikia masoko yote mawili.

Swali la wiki hii linawahusu watu wawili. Wa kwanza ni mtaalamu aliyekwisha kuhitimu mafunzo ya awali, ambaye anafikiria kulipa tena ada ili asomee fani maalumu. Wa pili ni mwenye fedha kidogo, aliyeombwa kumkopesha au kuingia naye ubia. Ukurasa huu unaona kwamba cheti cha pili kinaweza kulipa, lakini kwa masharti matatu: fani ichaguliwe kwa kumtazama mteja, chuo kiwe kinatambulika, na ada ilipwe kwa fedha za msimu unaofaa. Sharti la tatu ndilo rahisi kusahaulika.

SOKO LIKO WAPI

Mohoro iko kusini mwa mto. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri hahitaji tena kungoja kivuko cha Ndundu ili avuke kwenda kaskazini. Huko kuna njia mbili za soko. Moja inaelekea Mloka, kwenye kambi zilizo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019 kutoka katika sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Nyingine inaelekea Nyamisati wilayani Kibiti, ambako ndiko kwenye vyombo vya kuvukia kwenda Mafia.

Soko la tatu ni la nyumbani. Mvuvi anayevuta nyavu, mkulima wa mpunga anayeinama siku nzima na bodaboda anayeumwa kiuno wote wanahitaji kukandwa. Lakini hapa bei ni ndogo, na wapo bibi zetu wanaojua kukanda na kuchua kwa mafuta ya nazi tangu zamani, ambao malipo yao mara nyingi ni shukrani. Mwenye cheti hawezi kushindana nao kwa bei. Atapata nafasi yake kwa kufanya lile ambalo hawalifanyi.

FANI NA MTEJA WAKE

Masaji inayofundishwa kwanza katika vyuo vingi ni ile inayoitwa ya Kiswidi, yaani kuteleza kwa mafuta, kukanda, kusugua na kupiga kwa viganja. Kila mwenye cheti anaijua, na kwa sababu hiyo haimpandishii mtu bei. Fani za ziada ni nyingi. Tunazitaja nne.

Masaji ya Kithai hufanyika juu ya godoro sakafuni, mteja akiwa amevaa nguo nyepesi, bila mafuta. Shule maarufu ya fani hii iko katika hekalu la Wat Pho mjini Bangkok, na ilianza mwaka 1955. UNESCO iliiingiza fani yenyewe katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2019. Kwa mwambao wetu ina faida moja kubwa: mteja asiyependa kuvua nguo kwa sababu ya stara anaweza kuipokea bila wasiwasi. Gharama ya mafuta nayo haipo.

Masaji ya michezo inajulikana kwetu kupitia mchua misuli anayekaa kwenye benchi la timu ya mpira. Huyu hufanya kazi kabla na baada ya mchezo, na anapaswa kujua jeraha la kushughulikia na jeraha la kupeleka hospitali. Mteja wake ni klabu, na pia mtalii aliyetoka kupiga mbizi au kutembea kwa miguu siku nzima.

Masaji ya wajawazito huhitaji ujuzi wa kumlaza mama kwa ubavu, kuacha kukandamiza tumbo, na kutambua dalili za hatari kama vile uvimbe wa ghafla na kuumwa kichwa kusikokoma. Mama mwenye dalili hizo hakandwi, anapelekwa kituo cha afya.

Ya nne ni ya kusukuma maji ya limfu. Iliasisiwa na Emil Vodder na mkewe Estrid, raia wa Denmark, walipokuwa wakifanya kazi Ufaransa katika miaka ya 1930. Mikono hupita juu ya ngozi kwa wepesi sana, pasipo kubana misuli. Hospitali za Ulaya huitumia kwa wagonjwa waliovimba mkono baada ya upasuaji wa saratani ya matiti.

Fani hii ya nne itamvutia mtu wa Rufiji kwa sababu ya matende, ugonjwa ambao mwambao wetu unaufahamu vizuri. Ugawaji wa dawa wa mpango wa taifa wa kuutokomeza ulianzia Mafia mwaka 2000. Hapa mwekezaji awe mwangalifu. Huduma ya msingi kwa mguu wenye matende ni kuuosha kwa sabuni na kuukausha, kutibu vidonda, kuuinua na kuufanyisha mazoezi. Masaji haimalizi ugonjwa. Mguu ukiwa na joto, wekundu na homa, au ikishukiwa damu imeganda ndani ya mshipa, kuusukuma ni hatari kwa maisha. Anayetangaza kuponya matende kwa masaji anauza uongo, na fedha zako zitaondoka naye.

KARATASI ZA CHUO

Mafunzo ya ufundi nchini yako chini ya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na baraza la NACTVET husimamia ithibati ya vyuo vya ufundi. Kabla ya kulipa, mwanafunzi aulize chuo kimesajiliwa wapi na cheti cha kozi fupi kinatolewa kwa jina la nani. Cheti chenye saini ya mwalimu peke yake kinaweza kuwa na elimu nzuri nyuma yake, lakini meneja wa hoteli hana pa kukihakiki.

Aulize pia saa za vitendo ni ngapi na wanafunzi wangapi wanamtumia mwalimu mmoja. Kwa kulinganisha, mafunzo kamili ya tiba kwa njia ya Vodder ni saa 160. Anayeahidi kufundisha fani hiyo yote kwa siku mbili apewe mgongo. Na mtaalamu anayetaka kujitangaza kuwa anatibu kwa tiba asili au tiba mbadala ajue kwamba kuna sheria ya mwaka 2002 na baraza linalosajili watoa tiba hao.

HESABU YENYEWE

Mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue tarakimu za mfano tu, kila mtu aweke zake. Ada, nauli, chakula na malazi ni Sh. 1,200,000. Kabla ya kozi, mtaalamu alikuwa akibakiwa na Sh. 10,000 kwa mteja mmoja baada ya kambi kuchukua sehemu yake. Baada ya kozi anabakiwa na Sh. 15,000. Nyongeza ni Sh. 5,000, kwa hiyo anahitaji wateja 240 ili arudishe gharama.

Akipata wateja wanane kwa wiki, fedha zinarudi kwa wiki 30, yaani ndani ya msimu mmoja wa utalii. Akipata wanne, ni wiki 60, na deni linaingia msimu wa pili. Kwa hiyo jambo la kuuliza kwanza ni idadi ya wateja. Mtaalamu amwendee meneja wa kambi kabla hajalipa ada, amwulize ni huduma ipi wageni huiomba wakaikosa, na kama yuko tayari kuitoza bei ya juu. Meneja akisema hapana, cheti hakitaongeza hata senti.

KALENDA YA FEDHA

Kambi nyingi za Mloka hufungwa wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, kwa sababu barabara hazipitiki. Huo ndio wakati mzuri wa kusoma, maana mtaalamu hapotezi kipato. Kwa aliyeko Mafia, asithubutu kuondoka kati ya Oktoba na Februari, miezi ambayo wageni huja kuona papa potwe.

Tatizo ni kwamba Aprili mfukoni hakuna kitu. Minada ya ufuta huanza mwishoni mwa Mei na kuendelea Juni na Julai. Anayetegemea ufuta kulipa ada ya Aprili atakopa kwa miezi miwili au mitatu, tena wakati ambao kila mtu anakopa. Fedha ya ada itengwe kutoka mauzo ya korosho ya mwisho wa mwaka, iwekwe benki au kwenye simu, isirudishwe shambani. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Mohoro yaliondoka na mazao na nyumba za watu. Anayepanga kusoma wakati wa masika asafiri kabla Machi haijaisha.

KWA MWENYE FEDHA

Unayekopesha, andika mkataba: kiasi, muda, na kinachotokea mtaalamu akiugua au kambi ikifungwa. Mkopo wa mfano wetu ukiwa na riba ya asilimia 10 unafika Sh. 1,320,000, yaani wateja 264. Marejesho yaanze Julai, mteja ameshaanza kuingia, na yasimame masika.

Mwajiri anayemlipia mfanyakazi wake naye apate makubaliano ya maandishi kabla ya safari. Kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, kukata mshahara kwa ajili ya deni kunahitaji ridhaa ya maandishi, isipokuwa pale sheria au mahakama inapoagiza.

Kwa msimu ujao, ukurasa huu unaiweka masaji ya Kithai na ya michezo mbele kwa anayelenga kambi na hoteli. Ya limfu iachiwe mwenye kufanya kazi chini ya macho ya hospitali.