Kivuli, Uvimbe na Saratani

Mfasiri wa taarifa za picha za eksirei hana budi kutenganisha maneno matatu. Kivuli ni kile kionekanacho katika picha, hata kikiwa cheupe. Uvimbe ni kitu kilichomo mwilini. Saratani ni jina la ugonjwa, nalo halistahili kutumika kabla ya ugonjwa huo kuthibitishwa.

Tuchukue mfano wa kifua kikuu. Maradhi haya huweza kufanya donge la mviringo katika pafu, na donge hilo likipigwa picha hutoa kivuli kifananacho sana na kile cha saratani ya pafu. Picha peke yake haitoshi kukata shauri. Makohozi hupimwa ili kutafuta vijidudu vya kifua kikuu. Pengine kipande kidogo cha donge lenyewe hukatwa, kikatazamwa kwa hadubini.

Kwa hiyo, taarifa isemayo kuwa pana kivuli isifasiriwe kuwa pana saratani. Mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye kwa kawaida hupona kwa dawa za miezi sita, aweza kukata tamaa na asirudi hospitali.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. "Uvimbe usio wa saratani" usigeuzwe kuwa "uvimbe usiodhuru", kwani kifua kikuu si saratani, lakini kisipotibiwa huua.

Yafaa, basi, tafsiri isizidi wala isipungue kadiri ya uhakika alionao daktari.