Marsabit: Ziwa Lililojificha Juu ya Jangwa

Wengi wanaopita barabara ya Isiolo hadi Moyale husimama Marsabit kunywa chai na kuongeza mafuta, kisha hao, Ethiopia. Hasara ni yao. Nje kidogo tu ya mji, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Marsabit, kuna Ziwa Paradise, na safari ya kulifikia inawafaa hata wenye watoto wasiotulia garini.

Tulipokuwa safarini kwenda huko, mama mkwe wangu, aliyefundisha Marsabit ujanani, aliwasimulia wajukuu jinsi magari yalivyosafiri kwa msafara, polisi mbele na nyuma, juu ya mawe na vumbi. Hawakumwamini. Lami ilikuwa imenyooka, mlima Ololokwe umesimama kama ukuta, na baada ya Laisamis ngamia wa Warendille wakawa wengi kuliko magari. Joto lilituchosha sote. Tulipopita Logologo barabara ikaanza kupanda, na waliokuwa wakililia maji wakaanza kudai sweta.

Mlima Marsabit ni kazi ya volkano. Mahali ambapo miamba iliyoyeyuka ilikutana na maji ya chini ya ardhi, mlipuko uliacha kasoko pana, ambazo Waborana huziita gof. Gof Sokorte Guda ndiyo yenye ziwa, na kuta zake zimevikwa msitu. Pepo kutoka Bahari ya Hindi hupanda mlima na kugeuka ukungu. Asubuhi miti inadondosha maji ilhali chini jangwani hakuna tone. Msitu ukikatwa, si ziwa pekee litakaloumia, bali pia visima vya mji.

Wamarekani Martin na Osa Johnson walipiga kambi hapa miaka ya 1920, wakipiga filamu za wanyama. Lakini jina kubwa la Marsabit ni Ahmed, ndovu mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi. Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970, na ndovu huyo akafa mwaka 1974. Sanamu yake iko katika Makumbusho ya Taifa Nairobi. Wapeleke watoto huko kwanza, maana ndovu wa leo wenye pembe za namna ile ni wachache mno.

Basi uende lini? Mvua ikinyesha, ziwa hujaa lakini ndovu wengi huteremka nyikani kufuata majani mabichi. Kiangazi wao hurudi msituni, nalo ziwa hupungua, na katika ukame mkali hukauka. Mimi ningechagua mwanzo wa kiangazi, maji yangali yapo. Njia za ndani huteleza vibaya kukinyesha, kwa hiyo tafuta gari lililoinuka, lala Marsabit angalau usiku mmoja, na ulipie kiingilio mtandaoni mapema: langoni hawapokei pesa taslimu.