Baraza la Kata Halitoi Hukumu Tena

Jirani yako kang'oa masale ya mpaka usiku na kuyapanda hatua tatu ndani ya shamba lako. Unakwenda kwa mtendaji wa kata, naye anakuelekeza baraza la kata. Hadi hapo mambo ni yale yale ya zamani. Kilichobadilika ni uwezo wa baraza lenyewe.

Chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, baraza la kata Tanzania Bara lilikuwa na meno. Lilisikiliza na kuamua migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Wajumbe wake, kati ya wanne na wanane, watatu wakiwa wanawake, walikuwa watu wa kata ile ile, wanaojua nani alirithi wapi. Lakini hawakuwa wanasheria. Rufaa zilipofika Mahakama Kuu, baadhi ya maamuzi yalifutwa kwa sababu karani hakuandika majina ya wajumbe waliokaa siku ile, wala jinsia zao. Fikiria mjane aliyekwisha kulima shamba alilolishinda, anaambiwa shauri lianze upya kwa kosa ambalo si lake.

Ndiyo maana marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea baraza mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, likabaki na usuluhishi. Wasuluhishi huwa watatu, na angalau mmoja lazima awe mwanamke. Wakishindwa, wanathibitisha kwa maandishi kwamba wameshindwa, nawe unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo mwenyekiti wake ni mwanasheria. Siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda wilayani hata bila hati hiyo.

Nayaunga mkono mabadiliko haya, ila yana upande unaoumiza. Kwenye kata mawakili hawakuruhusiwa kumsimamia mtu. Mwenye nazo na asiye nazo walizungumza wenyewe. Wilayani kuna nauli, kuna kulala, na mwenzako huenda akaja na wakili. Jirani mwenye uwezo anaweza kukaa kimya hadi siku 30 ziishe, akijua utachoka njiani. Hapo sheria haijamlinda mnyonge.

Kwa hiyo ukipeleka lalamiko, lipeleke kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri na tarehe, uitunze. Siku 30 zinahesabiwa tangu siku hiyo.