Nyuma ya alama ya kuuliza: linki ya Mboko iliyofika Swima



Leo nataka tuongelee kitu kidogo tunachokitumia kila siku bila kukiangalia: ile sehemu ya linki inayokuja nyuma ya alama ya kuuliza. Mimi nimesoma agronomia, si informatika. Lakini kitu hicho kilinipa haya mbele ya ba mama wa Swima, njo maana ilinilazimu nikielewe.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunaandikisha wakulima waliohitaji miti ya muhogo ya kupanda. Rafiki mmoja alitutengenezea fomu ndogo ya kujaza kwa simu. Ili mtu asiandike mambo mengi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, tukatengeneza linki moja kwa kila kijiji, jina la kijiji likiwa tayari ndani yake. Linki ya Mboko niliituma kwenye grupe ya WhatsApp ya Mboko. Mtu mmoja, kwa roho nzuri kabisa, akaipeleka kwa ndugu zake wa Swima. Wakajaza. Kijiji hakikuonekana popote kwenye fomu, tulikuwa tumekificha, juu tuliona hakuna haja ya kukionyesha.

Siku ya kugawa, kaya 41 za Swima zilikuwa kwenye orodha ya Mboko. Miti yao ikashushwa Mboko. Mama mmoja akanipigia simu: "Agronome, sisi tuko hapa toka asubuhi. Majina yetu iko wapi?" Sikuwa na jibu. Mvua ilikuwa imeshaanza, na miti ya muhogo ikishakatwa haingoji mtu, inakauka. Kosa lilikuwa letu, si la yule aliyeipeleka linki.

Sasa tuangalie linki yenyewe. Ilifanana hivi:

https://anwani-ya-fomu?kijiji=Mboko&lugha=sw

Mbele ya alama ya kuuliza ni anwani: inasema uende wapi. Nyuma yake ni maagizo unayobeba ukienda. Kila agizo liko na jina, alama ya sawasawa, kisha thamani. Alama ya & inatenga agizo moja na lingine. Wenye kazi yao wanaita kila agizo parameta. Ni kama kumtuma mtoto dukani: duka ni lilelile, lakini umemwambia "chumvi, ya paketi ndogo". Usipomwambia paketi gani, mwenye duka atampa ile anayoizoea. Hiyo ya paketi njo parameta ya hiari: ikiwepo inafuatwa, isipokuwepo kazi inaendelea.

Wengi wenu mulishaiona bila kujua. Linki ya WhatsApp inayofungua mazungumzo na ujumbe uliokwisha andikwa inatumia parameta inayoitwa text, nyuma ya wa.me na namba ya simu. Ukiitoa text, mazungumzo yanafunguka vilevile, ila bila ujumbe. Google Forms nayo iko na uwezo wa kukupa linki yenye majibu yaliyojazwa mbele. Kila swali linabebwa na neno entry na namba yake.

Kanuni ya kwanza inatoka hapo. Kitu cha hiari kiko na hali tatu, si mbili. Kinaweza kuwepo na thamani: eneo=20. Kinaweza kukosekana kabisa. Na kinaweza kuwepo kikiwa kitupu: eneo= na hakuna kitu nyuma. Hii ya tatu njo inaleta shida. Fomu yetu ilikuwa inauliza shamba ni ari ngapi, na orodha ya zamani ya wakulima haikuwa na jibu kwa kila mtu. Tulipotengeneza linki toka kwenye ile orodha, wasio na jibu walipata eneo= tupu. Katika lugha ya JavaScript, ukigeuza neno tupu kuwa namba, unapata 0. Basi mkulima ambaye hatukujua shamba lake ni ari ngapi akawa mkulima mwenye shamba la ari 0, na mwenye ari 0 anahesabiwa miti 0. "Hatujui" ikageuka "hana". Kwa mtu anayengoja mbegu, hayo ni mambo mawili tofauti sana.

Dawa yake: kama hakuna thamani, usiandike hata jina la parameta. Kama unatengeneza linki nyingi kwa jedwali la Google Sheets, kijiji kikiwa safu ya A na eneo safu ya B, fomula inakuwa hivi:

="https://anwani-ya-fomu?kijiji="&ENCODEURL(A2)&IF(B2="";"";"&eneo="&ENCODEURL(B2))

Maana yake: kama B2 ni tupu, usiongeze kitu; kama kuna kitu, ongeza "&eneo=" na thamani. Ukitumia Excel ya Kifaransa, IF inaitwa SI na ENCODEURL inaitwa URLENCODAGE.

Hiyo ENCODEURL si pambo. Alama fulani ziko na kazi yake ndani ya linki, kwa hiyo haziwezi kukaa ndani ya thamani hivihivi. Mkulima akiandika zao lake "muhogo & karanga", fomu itasoma "muhogo" tu, juu & inaiambia kwamba agizo limeisha. Karanga zimepotea. Inatakiwa & iandikwe %26, nafasi iandikwe %20, na é ya Kifaransa iandikwe %C3%A9. Alama ya + nayo ni mtego kwetu sisi wa +243: programu nyingi zinaisoma kama nafasi tupu, na namba inaharibika. Ndani ya thamani iandike %2B. Kwenye linki ya wa.me, WhatsApp yenyewe inataka namba ianze na 243 moja kwa moja, bila + na bila sifuri ya mbele. Na mukumbuke kwamba nyuma ya jina la tovuti, herufi kubwa na ndogo zinahesabiwa tofauti: usidhani Mboko na mboko ni kitu kimoja.

Kanuni ya pili ni ya wale wanaojenga programu yenye kurasa zaidi ya moja. Fomu yetu ilikuwa na kurasa mbili. Mzee mmoja alifungua linki yenye lugha=sw, akasoma ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili vizuri. Akabonyeza "Endelea", ukurasa wa pili ukaja kwa Kifaransa. Akaacha. Sababu? Kibonyezo cha "Endelea" kilikuwa kinatengeneza linki mpya, na hiyo linki mpya ilisahau kubeba lugha. Linki haikumbuki yenyewe. Kila linki ambayo programu inaitengeneza lazima ichukue parameta zilizokuja na mtu na kuzipeleka mbele: zile zilizopo tu, bila kuongeza tupu, na bila kuiandika moja mara mbili. Kazi hiyo iwekwe mahali pamoja, sehemu moja ya programu inayotengeneza linki zote. Ukiandika kila linki kwa mkono, moja utaisahau tu.

Kanuni ya tatu njo ile ya Swima: linki ni barua isiyofungwa. Inapelekwa kwa mtu mwingine, inabaki kwenye historia ya simu, na yeyote anaweza kubadilisha Mboko aandike Kazimia kwa kidole chake. Kwa hiyo usiweke ndani yake jina la mtu, namba yake ya simu, wala kitu asichotaka jirani akione. Na usichukue kilichoandikwa kwenye linki kama ukweli. Ni pendekezo tu. Programu inapaswa kuangalia kama kijiji hicho kiko kwenye orodha yake, na mtu mwenyewe apewe nafasi ya kusema ndiyo au hapana.

Siku hizi tunafuata mpangilio huu: jibu la mtu mwenyewe linashinda; asipojibu, tunachukua kilichokuja na linki; kama linki haina kitu, tunaacha "haijulikani" na kumwuliza. Kijiji hatukifichi tena. Juu kabisa ya fomu kuna swali: "Uko Mboko?" na nafasi ya kuchagua kijiji kingine. Inamgharimu mtu mguso mmoja tu. Msimu uliofuata, kijana mmoja alifungua linki ya kijiji cha jirani akaniandikia: "Yaya, mimi niko Swima, lakini fomu inasema Mboko. Nimebadilisha, sawa?" Nikamjibu sawa kabisa.

Wengi wetu hapa Fizi tukimaliza masomo tunapata kazi za kuandikisha: wakulima, wanafunzi, wagonjwa, waliohama. Tunapewa linki, tunaituma kwenye magrupe, tunahesabu majibu. Mbele ya kutuma, soma linki yako mpaka mwisho. Ifungue mara tatu: ikiwa na parameta zote, ikiwa bila hata moja, na ikiwa na moja tupu. Kisha ipeleke kwa rafiki wa kijiji kingine umwulize anaona nini. Kazi hiyo inachukua dakika tano. Ba mama wa Swima walingoja wiki nzima mpaka tukawapelekea miti mingine, na sehemu ya ile ya kwanza ilikuwa imeshakauka.