Tumbo la hedhi: lini la kawaida, lini la kwenda kituoni

(Muziki wa kipindi, unashuka taratibu)

Halo halo, wasikilizaji wetu wa Nyarugusu, Wakongo na Warundi, mlioko nyumbani na mlioko kwenye foleni ya maji. Karibuni katika kipindi cha afya. Leo ni maumivu ya hedhi. Akina baba, msizime redio. Binti anayejikunja kitandani ni wenu pia.

Msikilizaji mmoja, mwanafunzi, anauliza hivi: kila mwezi anakosa shule siku tatu kwa sababu ya tumbo. Nyumbani wanamwambia ni chango tu, akiolewa na kuzaa litaisha. Je, ni kweli?

Tuanze na mwili wenyewe. Mfuko wa uzazi ni msuli. Kila mwezi ndani yake kunatengenezwa utando laini wa kupokea mimba. Mimba isipoingia, utando unabomoka na kutoka pamoja na damu. Ili kuutoa, mfuko unajikaza na kulegea, na kinachouamuru kujikaza ni kemikali iitwayo prostaglandini. Ikiwa nyingi, msuli unajikaza mno hadi damu haiufikii vizuri, ndipo unauma. Kemikali hiyo hiyo huwaletea wengine kichefuchefu na kuharisha. Si uvivu, wala hajalogwa mtu.

Maumivu ya namna hii huanza siku ya damu au siku moja kabla, na hupoa ndani ya siku mbili au tatu. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa kitambaa na kuwekwa chini ya kitovu, inasaidia kweli. Ibuprofeni inapunguza hiyo prostaglandini, kwa hiyo inywe mapema, maumivu yanapoanza tu, ukiwa umekula. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, au anayedhani ana mimba, aulize kwanza. Na vile vidonge vya kufungiwa kwenye karatasi, visivyo na jina, viacheni huko huko sokoni.

Sasa jibu la mdogo wetu. Wapo wanaopata nafuu baada ya kuzaa. Wapo pia wenye watoto wanne na bado wanaumia vile vile. Kuzaa ukiwa mtoto kuna hatari kubwa kuliko hilo tumbo, na mimba si dawa. Maumivu yanayokutoa darasani kila mwezi yanahitaji mhudumu wa afya, si mchumba.

Inawezekana ni endometriosisi, yaani utando unaofanana na ule wa ndani ya mfuko unaota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria inampata karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Angalia kama maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka, yanakuja hata nje ya hedhi, kwenye tendo la ndoa au ukienda haja. Aliyekuwa haumwi akaanza ukubwani, naye aende; huenda ni uvimbe kwenye kizazi.

Kuna hali ambazo hazisubiri asubuhi. Pedi au kitambaa kulowa chote kwa saa moja, saa baada ya saa. Homa pamoja na uchafu wenye harufu mbaya. Au hedhi imechelewa, kisha maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo: hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko, na inaua kwa kuvujisha damu ndani kwa ndani. Waamshe majirani, usiku huo huo.

Ukifika kituoni usiseme "tumbo linauma" basi. Benchi zima linasema hivyo, na unaweza kurudi na panadoli tu. Sema linaanza siku gani, linakaa siku ngapi, unabadilisha pedi mara ngapi, ulimeza nini, na kazi gani inakushinda. Weka alama kwenye daftari miezi miwili au mitatu, lakini kama hali ni mbaya usingoje daftari. Ukiona haya, omba muuguzi wa kike. Dada zetu Warundi ambao Kiswahili hakijakaa vizuri, nendeni na mtu mzima mnayemwamini wa kutafsiri, asiwe mtoto.

Kipindi kijacho, saa ile ile: kufua na kuanika vitambaa vya hedhi wakati wa mvua.

(Muziki unapanda)