Maabara za Mbali Nazo ni Ngao ya Taifa

Tarehe 20 Januari, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa kwamba ugonjwa wa Marburg umezuka wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Kipimo kilifanyika katika maabara ya Kabaile, hukohuko Kagera, kisha kikathibitishwa Dar es Salaam. Tarehe 13 Machi ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umekwisha.

Kazi hiyo yastahili sifa. Lakini hesabu yake ina funzo chungu. Watu 10 walihesabiwa kuwa waliugua, na wote walifariki. Ni wawili tu waliothibitishwa kwa kipimo. Wanane wengine walikwisha kufa kabla ugonjwa haujajulikana. Maabara ilifanya kazi yake mara ilipopata sampuli. Kilichochelewa ni sampuli kuifikia.

Kwa sababu hiyo twaitazama Chimala. Mji huu mdogo wa Mbarali uko zaidi ya kilomita 700 kutoka Dar es Salaam, kando ya barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA. Malori hupita usiku na mchana, na mpunga wa Usangu huvuta wafanyabiashara kutoka kila upande. Maradhi nayo husafiri na watu.

Marburg huanza kwa homa kali na kuumwa kichwa, kama malaria. Darubini ya kituo cha afya huonyesha vijidudu vya malaria, bali virusi haivioni. Hivyo hatudai kila kituo kiwe na mitambo ya mamilioni. Twadai mtaalamu wa maabara aliyefunzwa kutilia shaka homa isiyosikia dawa. Awe na vifaa vya kujikinga, vyombo visivyovuja vya kufungia sampuli tabaka tatu, na barafu ya kuihifadhi njiani. Twadai pia chombo cha usafiri kinachojulikana, na majibu yanayorudi kwa yule aliyepeleka. Mtumishi asiyepata majibu mara tatu, mara ya nne hatapeleka.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba haya ni mambo ya nyanda za juu peke yake. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilivuka bahari. Kufikia Aprili 2016 wagonjwa wa Bara na Zanzibar walikwisha kupita 24,000, na waliokufa walizidi 370. Wapemba wanajua faida ya kuwa na kipimo karibu, kwani tangu mwaka 2000 wanayo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, Chake Chake. Chimala na Pemba zimetengana kwa milima na maji, lakini lori na boti huziunganisha kwa siku chache tu.

Twawaomba wakuu wa serikali, wanapopanga bajeti za afya, wasiishie kwenye majengo ya mijini. Vitendanishi, mafuta ya gari na mafunzo ya watumishi wa pembezoni havina sherehe ya ufunguzi, lakini ndivyo vinavyookoa maisha. Nao wananchi wawahi kumfikisha mgonjwa hospitali, wala wasimfiche.

Adui asiyejulikana jina hapigwi vita. Atakayemtambua kwanza ni mtumishi wa kituo cha mbali, na asiachwe mikono mitupu.