Ndimu si moto: Yaliyomo katika sahani ya mgahawa wa samaki wa Meksiko

KATIKA miji ya pwani ya Meksiko, mchana ndio wakati wa kula samaki. Viti vya plastiki hupangwa chini ya turubai, ndimu hukatwa vipande, na chupa za pilipili huwekwa juu ya kila meza kabla mteja wa kwanza hajaketi.

Migahawa ya aina hiyo huitwa ‘marisquería’, jina linalotokana na neno la Kihispania ‘mariscos’, yaani kamba, chaza, kaa na viumbe wengine wa baharini wanaoliwa. Baadhi ina kuta na wahudumu, na mingine ni mikokoteni tu inayoegeshwa pembeni mwa barabara. Imeenea katika majimbo ya Sinaloa, Nayarit, Sonora na Baja California upande wa Bahari ya Pasifiki, na katika jimbo la Veracruz upande wa Ghuba ya Meksiko.

Wahamiaji wameivusha pia mpaka na kuifikisha Marekani. Jijini Los Angeles, kwa mfano, gari la chakula liitwalo Mariscos Jalisco limejipatia sifa kubwa kwa chapati zake za mahindi zilizojazwa kamba na kukaangwa.

Hata hivyo, mgeni anayeketi katika migahawa hiyo kwa mara ya kwanza hukabiliwa na jambo moja linalohitaji kueleweka: sehemu kubwa ya vyakula vinavyosifiwa humo haijapita motoni.

Chakula kinachojulikana zaidi ni ‘ceviche’. Samaki au kamba hukatwakatwa vipande vidogo, hulowekwa katika maji ya ndimu, kisha huchanganywa na kitunguu, nyanya, pilipili na majani ya giligilani, mchanganyiko unaofanana na kachumbari. Huliwa juu ya chapati ngumu ya mahindi iliyokaangwa.

Jimbo la Sinaloa lina chakula chake liitacho ‘aguachile’, maana yake maji ya pilipili. Kamba wabichi hupasuliwa katikati, humwagiwa maji ya ndimu yaliyosagwa pamoja na pilipili mbichi, na kupambwa kwa tango na kitunguu chekundu. Tofauti na ‘ceviche’, kamba hao mara nyingi hukaa ndani ya ndimu kwa dakika chache tu kabla ya kuletwa mezani.

Kwa wasiopenda vibichi, vipo vilivyoiva. Bilauri kubwa hujazwa kamba waliochemshwa, rojo la nyanya, parachichi na ndimu, na huliwa kwa kijiko pamoja na biskuti za chumvi. Nayarit husifika kwa ‘pescado zarandeado’, samaki mzima anayepasuliwa na kufunguliwa kama kitabu, kupakwa viungo na kuchomwa juu ya makaa. Veracruz nayo hupika changu katika mchuzi wa nyanya na zeituni.

Desturi ya kula vyakula hivi mchana ina sababu yake. Wavuvi hufika nchi kavu asubuhi, na kabla ya majokofu kuenea, samaki wa asubuhi alipaswa kuliwa kabla jua halijazama. Ndiyo maana hadi leo migahawa mingi ya aina hii hufungwa alasiri au mapema jioni.

Desturi hiyo ilifuata samaki hata mbali na bahari. Mgahawa maarufu wa Contramar, uliofunguliwa mwaka 1998 katika Jiji la Meksiko, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ulijijengea jina kwa mlo mrefu wa mchana.

Ndimu inafanya nini?

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaifahamu ndimu kama kiungo cha kumwondoa samaki shombo kabla hajakaangwa au kuchomwa. Kwao ndimu hutangulia moto. Katika ‘ceviche’ moto haufuati kabisa, na hapo ndipo hutokea dhana kwamba ndimu yenyewe imemwivisha samaki.

Dhana hiyo ina ukweli nusu. Tindikali iliyomo katika ndimu hubadili umbo la protini za nyama ya samaki, kama joto linavyofanya. Nyama iliyokuwa ikipenya mwanga hugeuka nyeupe na kuwa ngumu kidogo, na kwa macho huonekana kana kwamba imeiva.

Lakini kuonekana kuiva si kuwa salama. Joto la jiko huua vimelea vingi kwa wakati mmoja, ilhali tindikali huchagua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha kuwa maji ya ndimu hupunguza sana bakteria wa jamii ya vibrio wanaopatikana baharini, lakini yana athari ndogo kwa bakteria wa salmonella. Aidha, viluwiluwi vya minyoo vinavyoweza kuwamo katika nyama ya samaki wa baharini havifi kwa ndimu.

Ndiyo sababu mamlaka za chakula za Marekani huelekeza kuwa samaki wa kuliwa mbichi wagandishwe kwanza, kwa mfano katika nyuzi joto 20 chini ya sifuri kwa siku saba, ili kuua minyoo hiyo. Hata hivyo, kugandisha hakuui bakteria wote. Hao huzuiwa kwa usafi na kwa barafu isiyokatika tangu chomboni hadi jikoni.

Amerika ya Kusini na ya Kati ziliwahi kupata funzo chungu. Mwezi Januari 1991 kipindupindu kilizuka nchini Peru na kufika Meksiko mwaka huohuo. Maji machafu yalikuwa chanzo kikubwa cha maambukizi, lakini vyakula vya baharini vibichi navyo vilinyooshewa kidole, na wavuvi wakakosa wanunuzi. Rais wa Peru wakati huo, Alberto Fujimori, alijitokeza hadharani akila samaki mbichi ili kuwatuliza wananchi.

Tukio hilo lilidhihirisha jinsi uchafuzi unavyoweza kumuumiza mlaji tumboni na mvuvi mfukoni kwa wakati mmoja. Biashara nzima husimama juu ya imani, na imani hiyo ikivunjika, hata samaki aliyevuliwa alfajiri hukosa mnunuzi.

Imani hiyo huguswa pia na udanganyifu. Mwaka 2019, shirika la kutetea bahari la Oceana lilipima vinasaba vya samaki waliouzwa katika Jiji la Meksiko, Mazatlán na Cancún. Takriban asilimia 31 ya sampuli hazikuwa za samaki aliyetajwa kwa mteja. Samaki wa bei nafuu huuzwa kwa jina la samaki wa bei ghali, na akishakatwakatwa na kuzamishwa katika ndimu na pilipili, si rahisi kumtambua.

Mlaji afanye nini?

Ishara za mgahawa mzuri hazihitaji utaalamu. Samaki huonekana juu ya barafu, wateja ni wengi na chakula hakikai, na mhudumu anaweza kueleza ni samaki gani na ametoka wapi. Samaki mbichi mwenye harufu kali hafai, hata akizamishwa ndani ya ndimu kiasi gani.

Wajawazito, wazee, watoto wadogo na watu wenye kinga dhaifu hushauriwa kuchagua vyakula vilivyopikwa. Wenye maradhi ya ini wana sababu ya ziada ya kuepuka chaza wabichi, kwa kuwa aina mojawapo ya vibrio inayopatikana humo inaweza kuwasababishia ugonjwa wa kuua.

Kwa makundi hayo, mlo katika mgahawa wa Meksiko haupotezi ladha yake. Samaki wa Nayarit aliyetoka kwenye makaa huletwa mezani na ndimu zilezile na pilipili zilezile. Tofauti ni kwamba moto umeshamaliza kazi yake, na ndimu imebaki na kazi ya kuongeza ladha.